Saa Moja ya Ukimya

Mji wa Dar es Salaam haujapata kuwa na uhaba wa sauti. Jua halijachomoza, utasikia adhana, fagio uani, honi za daladala na mwuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Sauti hizo ndizo uhai wa mji, wala hapana mwenye busara atakaye zinyamaze zote. Lakini kwa mwanafunzi aishiye katika nyumba ya kupanga, yenye vyumba sita, ua mmoja na redio tatu zinazosema kwa pamoja, ukimya ni bidhaa adimu kama ilivyokuwa sukari mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitabu aweza kukiazima kwa rafiki. Ukimya hauazimwi.

Mimi ni mmoja wa wanafunzi hao. Hufanya kazi kiwandani kwa zamu, na jioni huhudhuria darasa la watu wazima wanaojiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Siku nisiyokuwa na zamu nina mahali pangu pa kwenda, nami napenda leo tufuatane.

Tuanzie Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, mahali ambapo kila mchuuzi hunadi bei yake kwa sauti ya kumzidi jirani. Tuelekee Mnazi Mmoja, tuupite Mnara wa Mwenge wa Uhuru, kisha tuifuate Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyopewa jina la mama aliyewakusanya wanawake wa nchi hii katika kupigania uhuru miaka ya 1950. Tukishavuka Barabara ya Morogoro, yanakopita mabasi ya mwendo kasi, twende mbele kidogo. Jengo utakaloliona ndilo Maktaba Kuu ya Taifa.

Yafaa ikumbukwe jinsi nyumba hii ilivyopatikana. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru. Jengo lenyewe lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1967, mwaka ule ule alioandika kijitabu chake juu ya elimu ya kujitegemea. Wakati huo watu wazima walio wengi nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Nchi ilihitaji zahanati, visima na barabara. Hata hivyo iliona kuwa mahali pa kusomea pasiwe fahari ya mwenye nyumba kubwa peke yake. Hapa mtoto wa mchukuzi wa mizigo na mtoto wa daktari huketi meza moja, na hakuna amwulizaye mwenzake ametoka mtaa gani.

Ingia, keti, usikilize. Ukimya wa maktaba si ukimya wa makaburini. Kurasa hufunuliwa, kiti husogezwa, mtu hukohoa kwa adabu. Ni ukimya wa watu wengi waliokubaliana kuheshimiana bila ya kuandikiana mkataba.

Pengine utauliza: je, darasa halitoshi? Darasa lina kazi yake, lakini mwendo wake ni wa mwalimu. Wengi wetu tulisoma shule za msingi kwa Kiswahili, na masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Darasani maneno mageni hunipita kama basi lisilosimama kituoni. Kitabuni hunisubiri. Ukurasa mmoja wa biolojia waweza kunichukua nusu saa, kamusi ikiwa kushoto na daftari kulia. Mara ya kwanza naelewa maneno, mara ya pili naelewa sentensi, mara ya tatu ndipo naelewa jambo lenyewe. Kitabu hakichoki kuulizwa, wala hakimcheki mtu mzima anayeuliza swali la mtoto.

Wala tusidhani kuwa kusoma ni kazi ya wasio na kazi. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliajiriwa karani wa forodha mwaka 1926, akaendelea na kazi za serikali kwa miaka mingi. Hata hivyo ametuachia Kusadikika na vitabu vingine vingi. Mwalimu Nyerere naye, akiwa na mzigo wote wa Urais, alitoa mwaka 1963 tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar. Watu hao hawakupewa siku yenye saa thelathini. Walizitenga saa chache walizokuwa nazo.

Lakini si kila mtu aishiye Mbagala au Gongo la Mboto ana nauli ya kufika mjini kila apatapo nafasi. Kwa hiyo hapana budi ukimya utafutwe hata nyumbani, na hapa nasema nanyi wazazi. Katika nyumba nyingi kijana wa kiume akifungua daftari huambiwa, “Mwacheni asome.” Dada yake akifungua lake huitwa kuchota maji, kisha kubembeleza mtoto, kisha kuosha vyombo. Aketipo hatimaye, ni saa nne ya usiku na macho yamekwisha kufumba. Mtihani ukimshinda, twasema hakuwa na akili. Akili alikuwa nayo. Alichonyimwa ni saa moja.

Basi, jaribuni jioni ya leo. Kuanzia saa mbili hadi saa tatu, redio ipunguzwe, simu ziwekwe kando, na wenye nyumba moja wapatane hivyo. Baba na ashike gazeti, mama na ashike kitabu. Vyombo na avioshe kaka, ili naye binti apate kuketi mezani macho yake yangali mapya.