Kahawa Hutia Nguvu?

Katika darasa letu la jioni pale Gatsata, kaskazini mwa jiji la Kigali, wanafunzi wengi ni mafundi wa magari. Kiswahili walikiokota kwa madereva na wauza vipuri. Kwetu huja kutafuta sarufi. Jioni moja, tukifundisha kiambishi hu-, tuliandika ubaoni: "Kahawa hutia nguvu." Fundi mmoja wa makamo akanyosha mkono.

"Mwalimu, kahawa haitii nguvu. Ni kama kukata waya wa taa ya mafuta. Taa haiwaki, lakini tangi ni tupu vilevile."

Darasa likacheka. Sisi hatukucheka sana, maana alikuwa amesema kweli. Kadiri tukaavyo macho, ubongoni hulimbikana kitu kiitwacho adenosini, nacho kikishika mahali pake katika chembe za neva, twahisi uchovu. Kafeini iliyomo katika kahawa hufanana nacho kwa umbo. Huwahi kukaa mahali pale pale, ila uchovu haiutangazi. Nguvu hasa hutoka katika ugali na maharage. Tena kafeini haiondoki upesi: anywaye kahawa saa kumi na moja jioni, kwa kawaida nusu yake ingali mwilini saa nne usiku.

Baada ya kipindi fundi yule alitueleza alikoupata mfano wake. Kwa miezi mingi alikunywa kahawa nzito pamoja na vidonge vya maumivu, apate kulala chini ya magari hadi usiku na mgongo usimsumbue. Asubuhi moja hakuweza kuinuka kitandani.

Nasi tulikuwa na letu. Kwa miaka kadhaa kila Jumapili kichwa kilituuma, tukalaumu jua, tukalaumu miwani. Siku za kazi twanywa vikombe vinne shuleni. Nyumbani hatunywi, kwani katika nyumba nyingi za Rwanda kahawa, iliyopandwa tangu enzi za Wajerumani, ni zao la kuuza, na kinywaji ni chai ya maziwa. Basi Jumapili mwili ulikuwa ukidai. Kafeini hubana mishipa ya damu kichwani; aliyeizoea akiikosa, mishipa hupanuka, na maumivu huanza baina ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho. Vidonge tulivyonunua vilituponya, naam! Siku tuliposoma kijikaratasi chake tuliona: parasetamoli miligramu 500, kafeini miligramu 65. Kafeini huongeza kidogo uwezo wa dawa ya maumivu, lakini kwetu sisi ilikuwa ni kulipa deni kwa deni.

Tumepunguza kikombe kimoja kila wiki, si vyote kwa mara moja. Sasa twanywa kimoja, kabla ya adhuhuri.

Ama ile sentensi, tuliifuta. Mwanafunzi mmoja alipendekeza "Kahawa huondoa uchovu", fundi akasimama tena akisema, "Huuficha." Tukaandika lake.