Anayefunga na Anayezuia

Vijana wa hapa Hedaru wakija likizo huleta simu zao kuchaji katika ofisi ya parokia, mahali ninapoandika vitabu vya ubatizo na ndoa. Wakiwa hapo hucheza mchezo wa kupanga timu ya mpira wa kikapu ya chuo cha Marekani. Kila mchezaji ana namba mbili, ya kushambulia na ya kulinda, tena ana bei yake. Fedha ya mchezo ina kikomo. Anayenunua wafungaji watupu hukosa mlinzi, na anayenunua walinzi watupu hukosa wa kufunga.

Karibu wote huanza na wafungaji, kisha hushangaa wamepata pointi 85 na kufungwa 90. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Timu moja ikifunga au ikipokonywa, mpira huenda kwa wenzao. Kwa hiyo zamu za timu zote mbili hukaribiana. Basi kuzuia pointi 2 ni sawa na kufunga pointi 2. Lakini pointi iliyofungwa huandikwa ubaoni, na iliyozuiwa haiandikwi.

Tunaye Mtanzania wa kutufundisha jambo hili. Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, ana urefu wa futi 7 na inchi 3. Alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2008 na 2009 alitajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East. Msimu wake wa mwisho alizuia mitupo 4.2 kwa kila mchezo, huku A. J. Price na Jeff Adrien wakisaidia kufunga. Timu yao ilifika nusu fainali ya taifa mwaka 2009, ikafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Hata mlinzi mrefu hawezi kuziba kila mlango peke yake.

Kwa hiyo vijana huwaambia: chagueni wawili wa kufunga, mmoja mrefu wa kulinda chini ya kikapu, na wawili wanaojua kiasi katika yote mawili.

Lakini mchezo wa simu ni mchezo tu. Kilichonisumbua ni kwamba vijana hao walipochagua watano wa kucheza kiwanjani, walimwacha mwenzao mmoja mpole, ati hafungi. Akaanza kujitenga. Nikawaomba wampe nusu ya muda, nami nikaandika hesabu. Alipokuwa ndani walifungwa pointi 9. Alipokuwa nje, 17. Niliwasomea karatasi ile bila kuongeza neno. Jumamosi iliyofuata walikwenda wenyewe kumwita kwao.

Wazazi, majumbani mwetu pia tuna hesabu za namna hii. Mtoto anayetuma fedha kutoka mjini jina lake hutajwa mbele ya wageni. Yule aliyebaki, anayechunga mbuzi, anayeziba ufa wa ndiva maji ya shamba yasipotee usiku, anayeamka bibi akikohoa, nani humtaja? Hasara aliyoizuia haionekani, kwa kuwa haikutokea. Mtajeni naye, akiwapo anasikia.