Swali la Mama wa Dagaa

Nilipojiunga na shirika letu dogo hapa Mkolani, jijini Mwanza, kutafuta fedha kulikuwa ni kuandika andiko la mradi, basi. Mwanza ilikuwa na sifa yake katika kazi ya watoto wa mitaani tangu enzi za Kuleana, kituo kilichoanzishwa na Rakesh Rajani na wenzake miaka ya 1990, na sisi tuliokuja nyuma tuliamini hela iko Ulaya. Katibu alikesha akijaza majedwali. Fedha zikija zilikuja na mafungu yake: semina lipo, posho lipo, sare ya shule halipo. Mradi ukiisha, wafanyakazi wanatawanyika, na mtoto tuliyemrudisha darasani anaonekana tena stendi ya Nyegezi akibeba mizigo.

Hela za nyumbani hatukuzigusa. Tulisema watu wetu ni maskini.

Aliyetuzindua ni mama mmoja muuza dagaa, mjumbe wa bodi ambaye vikaoni alikuwa mkimya. Siku hiyo akanyoosha mkono: "Mwenyekiti, hawa mnaosema hawana kitu, mbona kadi za harusi wanazilipa? Kamati inakusanya mamilioni kwa miezi miwili. Kwa nani?" Hakuna aliyemjibu.

Tukafanya kama kamati za harusi zinavyofanya. Mweka hazina akanunua kaunta buku, akapiga mistari: jina, ahadi, alichotoa, salio. Tarehe ikifika anapiga simu: "Shikamoo baba, nakukumbusha ile ahadi yetu." Kwa kuwa M-Pesa ilikuwapo nchini tangu 2008, hata vijana wa Mkolani walioko Geita na Dar walichangia bila nauli. Mwingine alileta debe la mahindi. Fundi cherehani alishona sare bila kudai ufundi, naye akaandikwa humo humo, kwa thamani ya kazi yake.

Kila mwezi mapato na matumizi yalibandikwa ukutani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Hapo ndipo moto ulipowaka! Kwa nini bodaboda imelipwa hivi? Nani alikula chakula hiki? Wenzangu walikereka, mimi naona maswali yale yalitujenga kuliko semina zote tulizohudhuria. Mkaguzi wa mfadhili huja na kuondoka, ila mama wa dagaa utakutana naye kesho asubuhi. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za 2018 zilipoyataka mashirika hayo kutangaza hadharani fedha zinazozidi shilingi milioni 20, wengi mjini walihaha. Sisi kilichotusumbua ni fomu tu.

Januari 2025 Marekani ikasitisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Hatukuwa tukipokea fedha za shirika hilo, lakini wafadhili wengine walielemewa na maombi, na wetu akapunguza fungu. Gari likaondoka, semina zikaondoka. Sare hazikukosekana.

Sitaki mtu adhani michango ya mtaa inamaliza yote. Maandiko bado tunaandika, ila sasa tunaambatisha nakala za daftari, na wafadhili huziulizia kabla ya kitu kingine. Mishahara bado inatushinda. Mhasibu tunaye siku mbili kwa wiki, na wa kulipia siku ya tatu hatujampata. Mwenye nafasi apite ofisi ya mtaa. Namba ya kutuma mchango imebandikwa ukutani, chini ya hesabu za mwezi uliopita.