Likizo Mafia: Adabu za Safari na Usalama Baharini

Bismillahi Rahmani Rahim.



Kila likizo inapokaribia, wanafunzi wetu wengi hutuaga kwamba wanakwenda Mafia, ama kuwaona jamaa, ama kutembea tu. Kwetu sisi watu wa Kibiti na Delta ya Rufiji, njia ni Nyamisati, na kutoka hapo ni bahari hadi Kilindoni. Tumeona tuandike machache, ili anayekwenda aende na elimu.

Kwanza ni wakati. Vyombo vya Nyamisati hufuata maji kujaa na kupwa, havifuati saa ya mkononi. Miezi ya Kusi kali, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka, na safari huweza kuahirishwa. Kwa hiyo msafiri aweke siku moja ya akiba wakati wa kwenda, na nyingine wakati wa kurudi kabla shule hazijafunguliwa. Achukue pia fedha na chakula cha siku hiyo. Mwenye akiba hasukumwi na haraka.

Pili ni sala. Msafiri ameruhusiwa kupunguza sala za rakaa nne na kuzikusanya, Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Lakini kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii safari hiyo ina masafa yake, kiasi cha kilomita 80 na zaidi kidogo. Anayetoka Nyamisati na anayetoka Kibiti mjini hawalingani. Kila mmoja amuulize mwalimu wake kabla ya kuondoka. Na aliyenuia kukaa huko siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, ataswali sala kamili tangu anapofika. Chomboni, asiyeweza kusimama kwa msukosuko wa mawimbi aswali kwa kukaa. Asiiache.

Tatu ni adabu za mgeni. Mafia kuna mengi ya kuonekana. Kuanzia Oktoba hadi Februari papa potwe huja karibu na Kilindoni, samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hali watu. Mtazame, usimguse. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995. Ndani yake kuna kiingilio, na haifai kuvunja matumbawe. Katika kisiwa cha Juani kuna magofu ya mji wa Kua, na humo mna misikiti na makaburi ya Waislamu waliotutangulia. Wasalimie na uwaombee dua. Usipande juu ya kuta wala usiandike jina lako.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, ni chombo chenyewe. Mwaka mmoja tulikuwa Nyamisati na wanafunzi wetu. Jahazi lilijaa watu, magunia na mafuta, hata maji yakakaribia ukingo, na nahodha akawa bado anaita abiria. Tukawaambia wanafunzi washushe mizigo. Baadhi yao walilia. Mzazi mmoja alipiga simu akauliza, "Mwalimu, mbona wenzenu wameondoka?" Usiku ule tukalala msikitini.

Jahazi lile lilifika salama, alhamdulillahi, na wapo waliotucheka. Tunasema hivi: kufika kwake hakukulifanya lile kuwa jambo jema. Aliyevuka kwa bahati leo hana hati ya kuvuka kesho. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, siku chache baada ya Idi, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Zaidi ya 200 walithibitishwa kufa, na wengi hawakuonekana tena. Hata idadi ya waliokuwamo ikabaki kubishaniwa. Tarehe 18 Julai 2012, Ramadhani ikiwa mlangoni, MV Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Waliopanda nao walikuwa na haraka ya kufika kwa jamaa zao.

Wengine husema ajali ni kadari. Ni kweli, kila kitu ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini Yeye huyo ametukataza, katika Suratul Baqara aya ya 195, kujitia wenyewe katika maangamizi. Na Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo mtu hutawakali.

Basi fanyeni haya: pandeni chombo chenye kibali. Hakikisheni jina la kila mmoja, hata mtoto mchanga, limeandikwa katika orodha ya abiria. Kila mtu avae jaketi la kujiokolea. Lililofungiwa stoo halimwokoi mtu. Mkiona chombo kimejaa, shukeni, japo nauli ipotee. Kisha someni dua ya Nabii Nuh (A.S.), iliyomo katika Surat Hud.

Nanyi wazazi, mwanenu akipiga simu kusema amelala Nyamisati, msimgombeze. Mwambieni amefanya vyema, na mmtumie nauli ya kesho.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na baharini, na awarejeshe kwa amani. Amin.

Wabillahi tawfiq.