Nyumba Njema ni Mlango

Wahenga walituusia kuwa nyumba njema si mlango. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaifafanua katika mitihani, na nilipoanza kufunza nikawafafanulia wanafunzi wangu pia: tusihukumu kitu kwa sura yake ya nje. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mama yangu mzazi, ambaye masomo yake yalikomea darasa la saba, alivyonifanya niitilie shaka methali hiyo, na jinsi kazi za msanifu majengo mmoja wa Japani zilivyoingia katika mjadala wetu.

Tunaishi Milimani, mjini Nakuru. Msomaji anayeujua mtaa huu, wenye miti mikubwa na majumba yaliyojengwa enzi za mkoloni, asidhani kuwa sisi ni matajiri. Makao yetu ni chumba kimoja kilicho nyuma ya mojawapo ya majumba hayo, kwa kuwa mama ndiye mpishi wa wenyewe. Kabla ya hapo tulikaa hemani. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipozua ghasia, nyumba yetu ya mbao upande wa Kuresoi iliteketezwa, nasi tukawa miongoni mwa maelfu ya wakimbizi wa ndani waliopiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Nakumbuka vumbi la Januari, kisha mvua ya masika iliyogeuza sakafu yetu kuwa tope. Nakumbuka pia kuwa mama hakulala. Kila nilipoamka usiku nilimkuta ameketi penye upenyo wa hema, ameushika kwa mkono.

Mwaka huu jumba la wenyewe limeuzwa. Mnunuzi anataka kulibomoa ajenge ghorofa za kupangisha, kama yalivyobomolewa mengine mtaani. Tumepewa hadi Desemba. Mama ana kiploti nje ya mji, alichokinunua kwa fedha za chama, na akiba inayotosha kujengea mbao na mabati. Hataki mbao. Anataka mawe. "Mbao niliziona zikiungua," aliniambia, na hapo mazungumzo yakakatika.

Ni katika siku hizo, nikiandaa tasnifu yangu ya uzamili kuhusu taswira ya makazi katika fasihi, nilipokutana maktabani na habari za Shigeru Ban. Bwana huyu alizaliwa Tokyo mwaka 1957, na mwaka 1985 akaanzisha studio yake ya usanifu. Alichojulikana nacho ni karatasi. Aligundua kuwa yale mabomba ya karatasi ngumu, ambayo vitambaa na karatasi za viwandani huviringishwa juu yake, yana nguvu ya kubeba paa, na kwamba yanaweza kutiwa dawa yasilowe wala kushika moto upesi.

Kazi iliyomleta katika ukanda wetu ilitokana na mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994. Wakimbizi walipewa maturubai, wakakata miti ili wapate nguzo, na misitu ikaanza kuteketea. Walipopewa nguzo za alumini waliziuza, wakarudi kukata miti. Hakuna wa kuwalaumu, kwani njaa haina adabu. Ban aliliendea Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na pendekezo la nguzo za karatasi: hazina thamani sokoni, hivyo hazina wa kuziuza, na haziudhi msitu. Mwaka 1999 mahema ya majaribio ya aina hiyo, kiasi cha 50, yalisimamishwa katika kambi ya Byumba, Rwanda.

Kabla ya hapo, tetemeko la ardhi la Januari 1995 lilikuwa limeua zaidi ya watu 6,000 mjini Kobe na viungani mwake. Ban aliwajengea waathiriwa vijumba vya kuta za karatasi, ambavyo misingi yake ilikuwa kreti za bia zilizojazwa mifuko ya mchanga. Aidha, pamoja na watu wa kujitolea, alijenga kanisa la karatasi. Kanisa hilo la muda lilitumika kwa miaka 10, likafumuliwa, likasafirishwa hadi Taiwan na kusimamishwa tena mwaka 2008. Ndiyo maana Ban hushikilia kuwa kinacholifanya jengo lidumu ni mapenzi ya watu kwalo; jengo la zege lililojengwa kwa ajili ya faida tu, huenda likawa ndilo la muda.

Nilipoisoma hoja hii niliukumbuka utenzi wa Al-Inkishafi, wake Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Katika utenzi huo majumba ya mawe ya Pate, yaliyokuwa ya fahari isiyo kifani, yamekuwa magofu ya popo na buibui. Mawe yalianguka, utenzi ulionakiliwa kwenye karatasi ungali unasomwa. Nilijiona nimepata hoja isiyopingika. Nilirudi Milimani jioni hiyo nikiwa na furaha ya mwanafunzi aliyegundua jambo.

Mama alinisikiliza akichambua sukuma wiki. Nilimweleza Byumba, nikamweleza Kobe, nikamweleza Pate. Nilipomaliza akauliza, "Hiyo nyumba ya karatasi ina mlango?"

Nikasema vile vijumba vya Kobe vilikuwa na milango.

"Wa kufungika?"

Sikuwa nimetazama. Naam, nilikuwa nimesoma kuhusu nguzo, paa na misingi, nami sikuwa nimetazama kitasa.

"Baba," akasema, kwa jina aniitalo anapotaka nisikie, "kule uwanjani sikulia kwa sababu ya mvua. Mvua hata kwetu ilikuwa inavuja. Nililia kwa sababu nilikuwa na watoto watatu na hema halifungiki."

Nilirudi maktabani nikiwa msomaji mwingine. Safari hii niliona nilichokuwa nimekipita. Tetemeko na tsunami za Machi 2011 zilipowajaza Wajapani katika kumbi za michezo, familia zikilala sakafuni mbele ya macho ya wageni, Ban aliwapelekea fremu za mabomba ya karatasi zilizotundikwa mapazia ya kitambaa, ili kila familia ipate faragha. Kiswahili kina neno la jambo hili: sitara. Aliyestirika si lazima awe tajiri. Ni mtu ambaye aibu yake haitazamwi na kila apitaye. Miezi ile mama hakutamani jumba. Alitamani sitara, na mikono yake miwili ndiyo iliyokuwa komeo.

Niliona pia kuwa mwaka 2017 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lenye makao yake makuu Nairobi, lilimwita Ban asaidie kubuni nyumba za makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, kaunti ya Turkana. Alifika kuyaona mazingira na ujenzi wa wenyeji. Alisisitiza nyumba ambazo wakazi wangeweza kuzijenga na kuzitunza wenyewe bila usimamizi mkubwa wa mafundi, kwa vifaa vinavyopatikana karibu. Kumbe hata bingwa wa karatasi, aliyetunukiwa Tuzo ya Pritzker mwaka 2014, hakwenda Turkana kuhubiri karatasi. Mimi ndiye niliyekwenda kwa mama kuhubiri.

Nilimwomba msamaha. Sikumtajia Pate wala Kobe tena. Nilimwuliza tu nyumba yake aionaje. Tulizungumza hadi saa sita usiku, na kwa mara ya kwanza alinisimulia usiku tuliochomewa, mambo ambayo sitayaandika hapa. Mwishoni alikubali mbao, juu ya msingi wa mawe, kwa sharti moja.

Sharti hilo sasa limeegemezwa ukutani chumbani mwetu, nyuma ya meza ninapoandikia tasnifu. Ni mlango wa chuma wenye makomeo mawili, uliochomelewa na mafundi wa jua kali. Fundi alicheka alipoambiwa ni wa nyumba ya mbao, tena nyumba yenyewe haijaanza kujengwa. Mama hakucheka. Alilifunga komeo la juu, akalifungua, akalifunga la chini, kisha akahesabu fedha zake na kulipa.