Kusoma kwa Kusimama, Kwa Sadala

Ukishuka kwenye Coaster hapa Kwa Sadala, unapokewa kwanza na ndizi. Mikungu imelazwa kando ya barabara ya Moshi–Arusha, na akina mama wameketi katikati yake wakipatana bei. Makonda wanaita Boma, Boma, Arusha. Dizeli, vitunguu, mahindi ya kuchoma. Kaskazini mawingu yameufunika mlima wote, mita 5,895, hata usiyejua usingedhani kuna kitu pale.

Saa kumi alasiri sare za shule zinaanza kuteremka. Nazifuata. Nyingi zinaishia kwenye steshenari moja, chumba ambacho watu sita wakiingia wa saba anabaki mlangoni. Mashine ya kutolea kopi inanguruma na kunuka wino wa moto.

Ukutani kuna rafu ya mbao. Kushoto, vitabu vya picha vya watoto. Kulia, vya watu wazima: ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, tenzi za kanisani, sheria ya ardhi. Kijana wa miaka kumi na mitano kabakiziwa katikati, upana wa viganja viwili: Takadini, Joka la Mdimu, Watoto wa Mama N'tilie, riwaya ambazo kidato cha tatu na cha nne wamezisoma miaka mingi kwa ajili ya mtihani. Takadini haina jalada tena. Imeshonwa kwa uzi wa gunia.

Mvulana mmoja anaisoma akiwa amesimama, begi mgongoni, midomo ikicheza. Hanunui. Mama mwenye duka anamsogeza kwa kiwiko ili afikie karatasi, naye anasogea bila kuinua macho.

Nje, kwenye benchi, wasichana wawili wanagawana kurasa za mtihani wa mwaka uliopita. Hawajafika swali la tano, mmoja anainuka: majani ya ng'ombe. Huku ng'ombe hufungwa zizini, nyumbani kwenye migomba, na malisho hupandishwa kichwani kutoka tambarare. Giza halimsubiri.

Maktaba ya mkoa iko Moshi mjini, ina meza na utulivu. Lakini ni nauli kwenda na kurudi, na muda wa msichana huyu ni huu aliokwisha kuumaliza. Maktaba kuu ya taifa ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967. Katika miaka ya 1970, kampeni ya kisomo ilipopamba moto, vitabu vikapelekwa hadi vijijini. Vilimlenga mtu mzima aliyetoka kujua kusoma. Kijana alihesabiwa kuwa na maktaba ya shule, na nyingi nilizowahi kuchungulia ni kabati lenye kufuli. Kwa kijana wa umri huu, naona saa ya kufungua mlango ina uzito kuliko idadi ya vitabu.

"Shikamoo mama. Hivi unaazimisha pia?"

"Marahaba. Naazimisha." Ananionyesha daftari la kaunta: jina, kidato, kitabu. Safu ya tarehe ya kurudisha ina mapengo mengi.

"Na wakichelewesha?"

"Sidai faini." Anapanga karatasi, anazigonga mezani zilingane. "Nikidai, mtoto ataona haya, hatarudi. Na kopi zake ataenda kutolea kwa jirani."