Buriani Fundi, simu yako sikuipokea

Ilikuwa Jumanne jioni, mwisho wa mwezi. Nilikuwa ofisini nikikimbizana na makala ambayo mhariri aliitaka kabla ya saa moja, simu yangu ikalia. Nilipoitazama niliona jina: Fundi Busia. Nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Baada ya dakika mbili ikalia tena. Nikaigeuza kifudifudi juu ya meza.

Nisiseme uongo, si kazi pekee iliyonizuia. Moyoni nilijiambia, "Watu wa nyumbani na mwisho wa mwezi! Hapo pana karo ya mtu, au pana mchango." Niliazimia kumpigia Jumamosi. Jumamosi ikaja na shughuli zake, ikapita.

Siku ya kumi na mbili, kaka yangu ndiye aliyepiga simu. Fundi alikuwa ametuacha. Alilazwa hospitalini siku mbili kwa shinikizo la damu, na siku ya tatu hakuamka.

Nyumbani kwetu kuna mafundi wa cherehani, wa redio na wa kujenga. Lakini ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, hata mtoto wa chekechea alijua unamtaja nani. Ni yule mzee wa baiskeli aliyekaa chini ya mwembe, kando ya barabara iendayo mpakani.

Msomaji ambaye hajafika Busia huenda asielewe baiskeli ilikuwa nini kwetu. Mji wetu ndio uliozaa neno boda boda. Katika miaka ya 1960 na 1970, msafiri wa kwenda Uganda alishuka upande wa Kenya, akatakiwa kuivuka ile nafasi iliyo kati ya vituo viwili vya mpakani kwa miguu, mizigo ikiwa kichwani. Vijana wenye baiskeli wakaiona riziki. Wakawa wakiita, "Boda! Boda!" yaani panda nikuvushe kutoka mpaka huu hadi ule. Siku hizi neno hilo limeenea Afrika Mashariki nzima, lakini asili yake ni vumbi la kwetu.

Sifa zote zilimwendea aliyekanyaga pedali. Ni wachache waliokumbuka kwamba ile Black Mamba nzito iliyobeba gunia la mahindi asubuhi, na mama na mtoto wake mchana, ilihitaji mtu wa kuirudishia uhai jioni. Mtu huyo alikuwa Fundi.

Alifika mwembeni kabla jua halijachomoza. Vifaa vyake vilikuwa sanduku la mbao, pampu, karai la maji na spana zilizong'aa kwa kushikwa miaka mingi. Ukimpelekea tyubu iliyotoboka, aliijaza upepo, akaizamisha kwenye karai na kuizungusha polepole mpaka mapovu yaonekane. Hapo aliweka alama, akasugua kwa msasa, akapaka gundi, kisha akaanza kukuuliza habari za nyumbani. Vijana wenye haraka walimhimiza abandike kiraka upesi. Jibu lake lilikuwa lile lile, "Gundi haipendi haraka. Ukiibandika mbichi, kesho utarudi hapa unasukuma."

Kila mteja alimsalimu kwa lugha yake. Mluhya alipewa "Mulembe", Mteso "Yoga", Mjaluo "Misawa". Waliovuka kutoka Uganda nao walikuwa na yao. Sikuwahi kumsikia akiuliza mtu ni wa wapi kabla ya kumshughulikia.

Mimi nilimfahamu vizuri mwaka 2005, nilipoingia kidato cha kwanza katika shule ya kutwa. Shule ilikuwa mbali, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu. Marehemu baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliamua kunipa baiskeli yake. Ilikuwa Black Mamba ya kiume, yenye kile chuma kirefu cha kati, nami nilikuwa msichana mfupi mwenye sketi ya shule. Siku ya kwanza nilipopita kituo cha boda boda nilichekwa mpaka machozi yakanitoka. Nikashuka, nikaisukuma hadi mwembeni, nikamwambia Fundi kwamba siitaki tena.

Hakunibembeleza. Alichukua spana akateremsha kiti hadi mwisho, akafunga vipande vya tyubu kuukuu kwenye kile chuma ili kisiniumize, kisha akakata bati na kufunika cheni isije ikanasa sketi. Alipomaliza alisimama, akawaambia wale vijana kwa sauti ya kawaida tu, "Huyu ni mteja wangu. Anayeona kichekesho, atafute fundi mwingine wa kumtengenezea baiskeli."

Kicheko kiliisha siku hiyo. Nani angemkosea Fundi, na kesho tairi lipasuke?

Miaka minne nilisomea juu ya baiskeli ile. Tairi likitoboka asubuhi, Fundi aliwaweka kando wateja waliotangulia na kusema, "Mwenye shule kwanza." Baba alilipa mwisho wa mwezi, na mwezi ambao mshahara ulichelewa, Fundi alingoja. Sikuchelewa kengele ya asubuhi zaidi ya mara mbili au tatu. Diploma ya uandishi wa habari ninayojivunia leo, mwanzo wake ni kiti kile kilichoteremshwa.

Mwaka nilipomaliza shule, 2008, serikali iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo. Muda si muda, pikipiki zikajaa mjini na baiskeli zikapungua kituoni. Wenzake Fundi walihama kazi. Yeye alimpeleka mwanawe wa kwanza akajifunze pikipiki, lakini mwenyewe alibaki na baiskeli za wanafunzi, za wauza maziwa, na zile za magurudumu matatu za walemavu wanaovusha mizigo mpakani. Hao hakuwatoza kazi ya mikono. Walilipia kipuri peke yake.

Sasa tazama mambo yetu sisi wanadamu. Kaka yangu alipokata simu, sikungoja Jumamosi. Saa ile ile nilituma shilingi elfu tano kwa M-Pesa. Wengine wa Nairobi, Mombasa na Nakuru walifanya vivyo hivyo. Katika siku tatu tulipata pesa za jeneza, hema, viti na chakula cha waombolezaji. Maiti nilimpa elfu tano. Mtu mzima aliye hai nilimnyima dakika mbili.

Nilipanda basi la usiku nikaenda kumzika. Waendeshaji pikipiki walilisindikiza jeneza wakipiga honi, majani yamefungwa kwenye usukani. Nyuma yao walikuja wazee wachache wakisukuma baiskeli, na nyuma kabisa wale wenye magurudumu matatu. Mwanasiasa mmoja alihutubu kwa muda mrefu kuhusu uchaguzi, akaondoka kabla ya udongo kumwagwa. Watu hawakumjali sana.

Baada ya mazishi mjane wa Fundi alinishika mkono. "Njoo huku nyuma, mama yangu," akasema. "Kuna mzigo wako."

Nilidhani ni chakula cha kubeba safarini. Alifungua mlango wa kibanda, nami nikaiona baiskeli ya baba. Baba alipofariki, kaka yangu aliipeleka kwa Fundi ikiwa imeliwa na kutu, akamwomba aiuze kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Fundi alikataa. Alisema baiskeli ya Mwalimu haiwezi kuuzwa kwa kilo. Akaiweka, akawa anatafuta vipuri vyake kimoja kimoja, maana vya Black Mamba siku hizi havipatikani kwa urahisi. Spoki zilikuwa mpya, cheni ilikuwa na mafuta, na lile bati la kukinga sketi lilikuwa bado mahali pake.

"Alikupigia simu siku alipoimaliza," mama akaniambia. "Alitaka kujua kama aipakie kwenye basi ikufuate Nairobi. Hukushika, akasema, 'Huyu mtoto ana kazi, tusimsumbue.'"

Nilikosa la kusema. Nilipopata sauti niliuliza ninadaiwa kiasi gani. Mwanawe alifungua daftari la baba yake, akapitisha kidole. "Mia nne za tyubu," akasema. "Kazi hakuandika."

Nikalipa mia nne pale pale. Nilitaka kuongeza, mama akakataa katakata.

Baiskeli sikuja nayo Nairobi. Nitaiendesha wapi huku, kati ya matatu? Nilimwachia binti wa kaka yangu aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa. Mwana wa Fundi aliiteremsha kiti kwa spana ya baba yake, na jirani akicheka, binti huyo anajua la kumwambia.

Jina la Fundi bado limo katika simu yangu. Sijalifuta. Tangu siku ile, simu ikilia kutoka nyumbani naipokea, hata kama ni mwisho wa mwezi na mhariri amesimama mlangoni. Mara nyingi ni kweli wanaomba pesa. Nikiwa nazo natuma, nisipokuwa nazo nasema sina. Lakini kwanza nauliza habari za huko, kwa sababu sijui tena ni nani anayepiga ili aombe, na ni nani anayepiga ili anipe.

Lala salama, Fundi. Deni la tyubu limelipwa. Lile la simu nitabaki nalo.